Kutoka Nyamitanga hadi Nakivale: Mlango wa Shule na Kiti cha Binti

Msafiri atokaye Kampala kwenda magharibi kwa barabara ya Masaka hupita karibu na shule nyingi mashuhuri kuliko anavyodhani. Mimi nimeipita barabara hiyo mara zisizo na hesabu, kwanza nikiwa askari kijana nyuma ya lori, baadaye nikiwa baba mwenye mizigo na watoto, wala sikupata hata siku moja kugeuza shingo nizitazame. Safari hii niligeuza shingo, kwa kuwa nilitoka nyumbani na swali ambalo sikuwa na jibu lake.

Swali lenyewe ni la kawaida katika nyumba zetu. Binti yetu amemaliza kidato cha nne, na matokeo yake ni mema. Mama yake ataka aende shule ya masista, ya wasichana watupu, yenye ukuta mrefu na kengele ya saa kumi na moja alfajiri. Binti mwenyewe ataka shule ya mchanganyiko. “Baba,” aliniambia, “kesho kazini nitakaa na wanaume. Nitajifunza lini kukaa nao?” Mama yake akamjibu pale pale, “Utajifunza ukiwa umekwisha kushika cheti mkononi.” Wote wawili wakanigeukia. Nami, kama afanyavyo mtu asiyetaka vita nyumbani, nikasema kwamba nina safari ya Mbarara na Nakivale, na kwamba nitatoa uamuzi nikirudi.

Basi gari lilipokuwa bado katika viunga vya Kampala, nilianza kuhesabu vilima. Kipo kilima cha Budo, ambapo mwaka 1906 wamisionari wa Kianglikana walijenga King’s College Budo kwa ajili ya wavulana, hasa wana wa machifu. Katika miaka ya 1930 shule hiyo ilianza kupokea wasichana, jambo lililowashangaza watu wengi wa zama zile. Si mbali na hapo ipo Nabbingo, ambapo Trinity College ilianzishwa mwaka 1942 kwa ajili ya wasichana wa Kikatoliki, nayo imebaki kuwa ya wasichana hadi leo. Vilima viwili vya jirani, na majibu mawili kwa swali langu lile lile.

Nikaikumbuka Makerere, tuliyoiacha nyuma yetu mjini. Ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi ya wanaume, na kaulimbiu yake ya kwanza iliwahimiza wote wawe wanaume. Wanawake sita walipoingia mwaka 1945, maneno hayo hayakuweza tena kusimama juu ya lango, na pakawekwa kaulimbiu mpya isemayo kwamba tunajenga kwa ajili ya siku zijazo. Hata hivyo, kubadili maneno ya langoni hakukutosha kuzijaza darasa wanawake. Ilipita miaka 45 zaidi, hata mwaka 1990, ndipo chuo kilipoanza kuwaongezea wanawake alama moja na nusu katika kuchaguliwa, ili waliotoka katika shule hafifu nao wapate kuingia. Mlango ulikuwa wazi tangu 1945, lakini njia ya kuufikia haikuwa sawa kwa wote.

Kayabwe, palipo na alama ya mstari wa ikweta, wageni hushuka kupiga picha, mguu mmoja kaskazini na mguu mmoja kusini. Karibu na hapo, huko Nkozi, kipo Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, chuo cha Kikatoliki kilichofunguliwa mwaka 1993, nacho kilipokea wanaume na wanawake tangu siku ya kwanza. Tena mbele, katika nchi ya Masaka, ipo Bwanda, makao ya masista Wabannabikira, shirika lililoanzishwa mwaka 1910 na ambalo ni miongoni mwa mashirika ya kwanza kabisa ya watawa wa kike Waafrika. Tusisahau jambo hilo tunapozungumza habari za ukuta wa masista. Zama ambazo binti alihesabiwa kwa idadi ya ng’ombe watakaoletwa kwa baba yake, ndani ya kuta hizo alijifunza kusoma, kuandika hesabu, kuuguza wagonjwa na kuongoza wenzake. Ukuta ule haukujengwa kumfungia binti peke yake. Aghalabu ulimkinga na wale ambao wangemtoa shuleni kabla ya wakati.

Nilifika Mbarara jua likiinama. Mji huu, uliotangazwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, wazee wa jeshi wanaujua kwa sura nyingine. Mwaka 1979, katika vita vya kumwondoa Idi Amin, sehemu kubwa ya mji iligeuzwa vifusi. Leo ghorofa zimesimama mahali pa vifusi, ng’ombe wa Ankole wenye pembe ndefu hupita kando ya barabara kuu kama wenye mji, na mikungu ya matoke hupakiwa kwenye malori usiku kucha. Tena ni mji wa shule. Ntare School, iliyoanzishwa mwaka 1956 kwa ajili ya wavulana, iliwafundisha Rais Yoweri Museveni wa Uganda na Rais Paul Kagame wa Rwanda, ambaye alikulia nchini humu akiwa mtoto wa wakimbizi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichofunguliwa mwaka 1989, hufundisha wanaume na wanawake udaktari na fani nyinginezo.

Asubuhi mwenyeji wangu alinipeleka Nyamitanga. Yeye ni sajini mstaafu niliyetumikia naye zamani, na siku hizi hununua mahindi na maharage Nakivale na kuyauza mjini. Nyamitanga ni kilima ng’ambo ya mto Rwizi, na ndicho kitovu cha Wakatoliki wa upande huu. Juu yake limesimama kanisa kuu la Bikira Maria Mama wa Huruma. Askofu François Xavier Lacoursière, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ndiye aliyekuwa askofu wa kwanza wa eneo hili, lililotengwa mwaka 1934 kwa jina la Ruwenzori. Mwaka 1953 Mbarara ikawa jimbo, na mwaka 1999 ikawa jimbo kuu. Huku ndiko iliko Maryhill High School, shule ya wasichana ambayo wazazi wa nchi nzima huitafutia nafasi.

Tulisimama kando ya njia wakati wasichana wakitoka kwenye sala, wamejipanga mistari minyoofu kuliko makuruta wengi niliowahi kuwaona. Mwenyeji wangu akacheka akasema, “Mama watoto akija hapa, hoja yako imekwisha.” Nami nikakiri moyoni kwamba mke wangu ana hoja. Katika shule kama ile, kiranja ni msichana, bingwa wa hesabu ni msichana, anayeshika chupa ya tindikali maabara ni msichana, na anayepanda ngazi kubadili taa iliyoungua ni msichana vilevile. Hakuna wa kumwachia kazi akisema hiyo ni ya wavulana.

Lakini mwenyeji wangu alikuwa na habari nyingine. Mpwa wake aishi Marekani, katika mji wa Baltimore, na humo kimo chuo kikuu cha Kikatoliki cha Notre Dame of Maryland. Kilianzishwa na masista, na mwaka 1899 kilikuwa chuo cha kwanza cha Kikatoliki cha wanawake nchini humo kutoa shahada ya miaka minne. Kwa zaidi ya miaka 120 masomo yake ya kutwa ya shahada ya kwanza yalikuwa ya wanawake. Mwezi Septemba mwaka 2022 wakuu wake walitangaza kwamba kuanzia mwaka 2023 wanaume nao watapokewa, na wengi waliosoma hapo zamani walihuzunika na kulalamika. “Kisa nini?” nikamwuliza. Akasugua kidole gumba juu ya cha shahada: fedha.

Naam, kisa hicho si cha chuo kimoja tu. Zamani vyuo vikubwa vya Kikatoliki vya Marekani vilikuwa vya wanaume, kwa hiyo masista wakajenga vyuo vidogo kwa ajili ya binti. Kisha wakubwa wakafungua milango. Chuo Kikuu cha Notre Dame kilichopo Indiana kilianza kupokea wanawake katika shahada ya kwanza mwaka 1972. Binti aliyeweza kuingia huko hakulazimika tena kwenda kwa masista, na vyuo vidogo vikabaki na viti vitupu. Vingine viliwaita wavulana ili wajaze viti hivyo. Chuo cha New Rochelle, kilichoanzishwa na masista Waursulina mwaka 1904, kilipokea wanaume katika kitivo chake cha mwisho cha wanawake mwaka 2016, na mwaka 2019 kikafungwa. Cabrini, kilichoanza mwaka 1957 na kuwa cha mchanganyiko mwaka 1970, kiliendelea kwa muda mrefu, kisha nacho kikafungwa mwaka 2024. Lakini Saint Mary’s, jirani wa Notre Dame kule Indiana, mpango wake wa kuungana na jirani huyo ulivunjika mwanzoni mwa miaka ya 1970, kikabaki chuo cha wanawake, nacho kingali kinafundisha.

Tulikaa juu ya jiwe tukalitafakari jambo hilo. Kuchanganya si dawa, na kutenga si dawa. Tena tofauti baina ya kwao na kwetu ni kubwa. Kule masista waliwafungulia wavulana kwa kuwa viti vilizidi wanafunzi. Huku kwetu wanafunzi wamezidi viti, na pale viti vinapokuwa vichache ndipo hujulikana nani huambiwa asimame. Mwenyeji wangu akanyoosha mkono kuelekea bonde la Rwizi. “Maji haya,” akasema, “huenda kwenye mabwawa na maziwa ya kule Mburo na Nakivale. Twende ukaone viti vichache ni kitu gani.”

Nakivale iko kiasi cha kilomita 60 kutoka Mbarara, katika wilaya ya Isingiro. Lami ilipokwisha, vumbi jekundu lilituingia hata masikioni. Migomba ya Isingiro ikapungua, vilima vikawa vikavu, kisha ziwa likaonekana bondeni, pana na tulivu, na ukingoni mwake mafunjo. Makazi haya ni miongoni mwa makazi ya kale zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959 walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo, na mwaka 1960 serikali iliyatambua rasmi. Leo humo mna watu zaidi ya laki moja: Wakongo ndio wengi, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Hakuna ua wa seng’enge. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na familia hupewa kipande cha ardhi ya kujenga na kulima. Msomaji wetu angejisikia nyumbani, kwa kuwa sokoni lugha iunganishayo mataifa hayo yote ni Kiswahili.

Hapa ndipo ilipo Nakivale Secondary School, shule ya wavulana na wasichana pamoja. Hapana aliyekaa kwenye meza akabishana kama ni vema kuchanganya au kutenga. Watu walikuwa wengi na madarasa machache, basi wakachanganywa. Mlango uko wazi kwa Mkongo na Msomali, kwa mkimbizi na mwenyeji wa Isingiro, kwa mvulana na msichana. Lakini ukitazama tangu madarasa ya chini hadi ya juu, waona wasichana wakipungua kadiri upandavyo.

Mwenyeji wangu alinipeleka kwa mama mmoja amwuziaye maharage, mjane kutoka Kivu, mwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa bati na turubai. Alitukaribisha kwa viti viwili, yeye mwenyewe akakaa juu ya dumu. Ana kijana na binti, wote wa shule ya sekondari. Nikamweleza ugomvi wa nyumbani kwangu, nikamwuliza kama yeye angependa binti yake asome na wasichana watupu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa angependa kiti chake kipakwe rangi gani.

“Baba,” akasema kwa Kiswahili cha kwao, “hapa shule iko ya wote. Hakuna mwenye alimufukuza binti yangu. Ni maji.”

Akatueleza. Uganda ilifunga shule mwezi Machi mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi mwezi Januari mwaka 2022, muda ambao haukupata kuonekana katika nchi nyingine yoyote. Ziliwafungia wavulana na wasichana kwa siku moja, na kuwafungulia kwa siku moja. Lakini kijana wake alirudi siku ya kwanza, na binti alirudi baada ya muhula mzima. Katika miezi ile yote, kuchota maji, kutafuta kuni, kupanga foleni ya mgao na kupika vilikuwa vimekuwa kazi za binti, na shule zilipofunguliwa hapakuwa na wa kuzipokea. Mara mbili kisima kilimchelewesha, mwalimu akamrudisha. Siku zake za mwezi zilipofika, hakuwa na pedi, na choo cha shule hakikuwa na komeo. Akaacha kwenda. Majirani wakaanza kumwuliza mama habari za kumwoza.

“Ukafanyaje, mama?” nikamwuliza.

“Nilimupatia kijana dumu,” akajibu.

Ndilo jibu lote. Kijana alianza kuamka saa kumi na moja kwenda kisimani na baiskeli ya kuazima. Kwanza alinuna, kwani wenzake walimcheka. Mama akamwambia kwamba maji hayana jinsia. Kisha akauza maharage kidogo kabla bei haijapanda, akanunua vitambaa na sabuni, na kwa saa mbili za jioni akakataa kabisa mtu yeyote kumtuma binti kitu. Binti akarudi shuleni. Nilipofika alikuwa kwenye kivuli cha nyumba na daftari la bayolojia, na kaka yake yuko jikoni akipuliza moto. Nilipomsalimu alisimama kwa heshima, akaitikia, kisha akaketi tena pale pale na kuendelea kusoma, wala mama yake hakumwambia aandae chai. Aliiandaa kijana.

Ndugu msomaji, kijana yule aliponiletea kikombe, nilishikwa na haya ambayo sikuitazamia. Nilikumbuka nyumba yangu. Nina wavulana wawili wakubwa. Asubuhi binti ndiye apikaye uji, afuaye sare za wadogo, afagiaye uwanja, kisha akimbiaye shuleni na kitabu kwapani. Jioni kaka zake husoma mezani naye huosha vyombo. Nyumba yangu nayo ni ya mchanganyiko, mlango wake wazi kwa wote, na nilikuwa nimepita kilomita mia tatu na zaidi kutafuta shule itakayomfaa binti ilhali nyumbani sijampa kiti. Matokeo yake mema aliyapata kwa kuiba muda wa usingizi.

Wanaofika chuo kutoka makazi kama haya ni wachache. Kwa hesabu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, mwaka 2019 vijana wakimbizi waliokuwa katika elimu ya juu duniani walikuwa 3 tu kwa kila 100. Baadaye wakafikia 7, na lengo ni 15 ifikapo mwaka 2030. Binti yule wa Nakivale ataka kuwa mwuguzi. Sijui kama atakuwa miongoni mwa hao. Ninachojua ni kwamba yuko darasani, na kwamba hakurudishwa huko na ukuta wala na mchanganyiko.

Tulirudi Mbarara usiku, magunia yakiwa nyuma yetu. Nilivuka Rwizi nikaiona taa ya Nyamitanga juu ya kilima, nikawaheshimu zaidi masista waliokijua kitu hiki tangu zamani. Ndani ya ukuta wao hawakumtunzia binti adabu yake tu. Walimtunzia na saa zake. Aliyeingia humo hakutumwa kisimani mtu akiwa katikati ya kufumbua hesabu. Chuo kikiamua leo kuuvunja ukuta huo na kuwakaribisha wavulana, haitakuwa dhambi, na huenda wavulana wenyewe wakafaidika sana. Bali hapana budi saa zile za binti zibaki mahali pake, na kiti chake cha mbele kisiondolewe kumpisha mgeni.

Nilipofika nyumbani, mke wangu na binti yangu walikuwa wakiningoja kama watu wanaongoja hukumu. Sikutoa hukumu. Nilichukua karatasi nikapanga zamu, kama tulivyokuwa tukipanga kambini: nani maji, nani uji, nani vyombo, nani uwanja, siku kwa siku, na majina ya wavulana yakaandikwa sawasawa na jina la dada yao. Mkubwa aliisoma zamu ile mara mbili akidhani nimekosea. Nikamwambia sikukosea, na kwamba Alhamisi vyombo ni vyake.

Kisha tukaandika maswali ya kuuliza shuleni, iwe ni ya masista au ya mchanganyiko. Je, maji yapo ndani ya uwanja? Vyoo vya wasichana vina milango na makomeo? Walimu wa kike wa sayansi ni wangapi? Nani hushika vyombo katika maabara, na nani huandika tu? Bweni lina mlezi wa usiku? Binti akiugua au akikwama muhula mmoja, hupokewa tena kwa njia gani? Binti yangu aliongeza swali lake mwenyewe: kiranja mkuu huchaguliwa na nani?

Jumamosi hii twaenda kuzitazama shule mbili, ya mama yake na yake. Tutakwenda sote watatu, na maswali atayauliza yeye.